Umeionaje ya Jana? Somo kwa Vijana Tunaotazama Tamthilia na Kusoma Riwaya

Masomo ya kutayarisha kabla ya mkutano: 2 Samweli 12:1-7, Matendo ya Mitume 17:22-28



Vijana wapendwa, tuseme ukweli. Misa ikiisha, tukikaa pale nje kwenye kivuli kusubiri mkutano wetu, mazungumzo ya kwanza huwa siyo homilia ya Padre. Ni "jana umeiona?" Na wala hakuna anayeuliza kuona nini. Kwa Tanzania itakuwa Jua Kali au Huba, au mojawapo ya zile za Kituruki na Kifilipino zilizowekewa sauti za Kiswahili, hadi bibi kule kijijini anawajua wahusika kwa majina na anawaombea. Wenzetu wa Kenya walipitia Maria, wakahamia kwa Sultana, yule binti asiyeona. Wasomaji nao wapo, ingawa hawapigi kelele kama watazamaji: yupo aliyesoma Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora shuleni kwa ajili ya mtihani akajikuta anairudia kwa raha zake, na yupo anayekesha na hadithi za kwenye simu, zile zinazokatwa sehemu ya 37 mahali patamu halafu unaambiwa ulipie.

Najua wengine mkisikia frateri anaandika juu ya tamthilia mnategemea orodha ya dhambi. Leo siyo hiyo, ingawa huko nako tutagusa kidogo. Leo nataka tuangalie kile tunachokifanya baada ya kutazama na kusoma: kutoa maoni. Tunakaa, tunasema fulani ni mshenzi, fulani kajitakia, mwandishi kaharibu mwisho. Tunaona ni porojo tu za kupitisha muda. Lakini ndani ya Biblia yuko mtu aliyetoa maoni juu ya hadithi, na maoni yale yakageuka kuwa hukumu yake mwenyewe.

Mnamjua, ni Mfalme Daudi. Alikuwa amemchukua Bathsheba, mke wa askari wake Uria, na Uria akawekwa mstari wa mbele vitani mpaka akafa. Mambo yamefunikwa, maisha yanaendelea. Mungu anamtuma nabii Nathani. Sasa angalia, Nathani hakuingia ikulu na mashitaka. Aliingia na hadithi. Tajiri mmoja ana kondoo na ng'ombe wengi; jirani yake maskini ana mwanakondoo mmoja tu, amemlea nyumbani na watoto, anakula chakula chake na kulala kifuani pake. Tajiri anapata mgeni. Badala ya kuchinja wa kwake, anakwenda kumchukua yule mmoja wa maskini.

Daudi akawaka. Akasema mtu huyo anastahili kufa, na amlipe yule maskini mara nne. Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Ninachotaka mkione ni hiki: maoni ya Daudi yalikuwa sahihi! Aliielewa hadithi vizuri, akamtambua mnyonge, akamtambua mkosaji, hata fidia akaikadiria kufuatana na Torati. Kama ingekuwa mtihani wa fasihi angepata alama zote. Kasoro ilikuwa moja tu, hakujua amekaa upande gani wa hadithi. Na nadhani Nathani angekuja na maneno makavu, Daudi angejitetea: mimi ni mfalme, vita ni vita, watu hufa vitani. Hadithi ilipita mlango wa uani, ikamkuta amekaa bila ngao.

Basi swali la kwanza la kujiuliza kabla hujafungua mdomo kutoa maoni ni gumu kidogo: katika hadithi hii, mimi ni nani? Maana sisi sote tunatazama tukiwa upande wa yule anayeonewa. Sijawahi kukutana na mtu aliyetazama tamthilia akajiona yeye ndiye mama mkwe, au yule rafiki wa kando anayepeleka maneno. Lakini hao watu wanatoka wapi kama siyo kwetu? Mtaani kwetu kila mmoja ni mhusika mkuu mwenye machozi, hakuna hata mmoja anayemliza mwenzake? Haiwezekani.

Mtakatifu Augustino aliliona hili mapema. Katika Maungamo yake, kitabu cha kwanza, anakumbuka alivyokuwa mwanafunzi na kumlilia Dido, yule malkia wa Karthago katika utenzi wa Vergili aliyejiua kwa sababu ya mapenzi. Alimlilia kwelikweli. Huku roho yake mwenyewe ilikuwa inakufa kwa kuwa mbali na Mungu, na kwa hiyo hakutoa hata tone. Katika kitabu cha tatu anaendelea na habari za maigizo ya Karthago: alipenda kuhuzunishwa na mateso ya jukwaani, lakini pale hakuna anayeitwa kwenda kumsaidia mtu, unaitwa kuhuzunika tu.

Tumlete Augustino sebuleni kwetu, saa tatu usiku. Kwenye runinga kuna dada wa kazi anayenyanyaswa na mwajiri wake. Sebule nzima inasikitika, "masikini dada wa watu." Wakati huohuo dada wa kazi wa nyumba hiyohiyo amesimama mlangoni na sahani mkononi, anatazama kwa kuchungulia, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Mshahara wake wa miezi miwili bado. Tamthilia ikiisha ataambiwa aondoe vyombo. Mimi sisemi machozi yale ya sebuleni ni ya uongo. Ni ya kweli kabisa. Yamekosea njia tu, yamekwenda kwa mtu ambaye hahitaji kitu chochote kutoka kwetu.

Sasa wapo watakaosema: basi frateri, kama ni hivyo tuache tamthilia na riwaya, tusome maisha ya watakatifu. Plato alikuwa na mawazo yanayokaribiana na hayo. Katika ile Jamhuri yake aliwaondoa washairi mjini kwa sababu wanachochea yale yanayotakiwa kutulizwa. Mwanafunzi wake Aristotle akamjibu kwamba huzuni na hofu tunazozipata kwenye tanzia zinaweza kutusafisha. Wanafalsafa bado wanabishana, sitawachosha. Kanisa kwa upande wake limepita njia ndefu. Lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa, likaacha kuitumia kama sheria mwaka 1966. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikubali kwamba kuonyesha uovu katika sanaa kunaweza kutusaidia kumfahamu binadamu kwa undani zaidi, mradi tu sheria ya maadili ishike nafasi yake. Na Papa Fransisko aliandika barua nzima juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, ya tarehe 17 Julai 2024. Alitaka kuwaandikia waseminari, akaona heri iwe ya Wakristo wote. Humo anasimulia alivyofundisha fasihi Santa Fe, Argentina, mwaka 1964 na 1965, katika shule ya Wajesuiti. Mtaala ulidai utenzi wa zamani wa El Cid, vijana wakataka García Lorca. Akaamua: El Cid mtasoma nyumbani, darasani tutazungumza waandishi mnaowapenda. Polepole wakafika na kwa wale wa zamani. Mwalimu wa namna hiyo nani asingempenda?

Na Mtakatifu Paulo pale Areopago alipozungumza na Waathene alitumia maneno ya washairi wao wenyewe. Maana yake aliwasoma, au angalau aliwasikiliza. Hakuanza kwa kuwaambia washairi wenu takataka.

Lakini kukubali siyo kukubali kila kitu. Tutajuaje hadithi gani inatujenga? Hapa anayenisaidia mimi kuliko wote ni Inyasi wa Loyola, na darasa lake lilikuwa kitandani. Mwaka 1521 huko Pamplona kombora la mzinga lilimvunja mguu. Akarudishwa nyumbani Loyola, akalala wiki na wiki. Akaomba riwaya za mashujaa wa farasi na mapenzi, ndizo zilizokuwa tamthilia za wakati ule, na alikuwa mlevi wa hizo. Nyumba nzima haikupatikana hata moja. Akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Akasoma kwa kukosa cha kufanya.

Akiweka kitabu chini, mawazo yake yalikwenda pande mbili. Mara anamuwaza bibi fulani wa hadhi ya juu, atamwendeaje, atamwambia nini, saa mbili, tatu, hata nne zinapita bila yeye kujua. Mara anawaza: je, na mimi nikifanya kama Fransisko, kama Dominiko? Yote mawili yalimpendeza wakati anayawaza. Tofauti aliiona baadaye. Mawazo ya kwanza yakipita yalimwacha mkavu, hana raha. Ya pili yakipita yalimwacha na furaha iliyobaki. Kwa muda hakujali, hadi siku moja macho yakafunguka akaanza kushangaa tofauti ile. Mambo ya kupambanua roho anayofundisha katika Mazoezi ya Kiroho yalianzia hapo, kwa mgonjwa aliyekuwa anajiangalia baada ya kusoma.

Kwa hiyo usijiulize tu "ilikuwa tamu?" Tamu zote ni tamu, ndiyo maana zinauzwa. Zima runinga, kaa dakika tano bila simu, uangalie umeachwa wapi. Umeachwa na huruma kwa mtu fulani wa kweli? Umeachwa unaona chumba chako kibaya, wazazi wako washamba, mchumba wako hana maana kwa kuwa hana gari kama la yule? Umeachwa na hasira isiyo na mwenyewe? Hayo ndiyo maoni ya kwanza unayotakiwa kutoa, na unampa Mungu kabla ya kuwapa wenzako.

Tushuke sasa kwenye kitabu kimoja, tusizungumze hewani. Nimechagua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Kilitoka mwaka 1971, kikazuiwa kutumika shuleni, baadaye kikaja kusomwa na kila mtu. Kezilahabi ni mwenyeji wa Ukerewe, alizaliwa mwaka 1944 na kusoma Seminari ya Nyegezi. Amefariki Januari 2020. Mtu aliyepita seminari anajua anachokifanya akimpa binti jina hilo. Ni jina la Bikira Maria katika Litania ya Loreto, tunalolitaja tukisema Waridi lenye fumbo. Fikiria kila Oktoba unaisali litania, na katikati yake limo jina la msichana huyu.

Kwa wasiokisoma, kwa ufupi na bila kuwamalizia utamu: Rosa ni binti wa Zakaria, aliyekuwa mwalimu na sasa ni mlevi, na Regina, mama mvumilivu. Zakaria anawachunga mabinti kwa fimbo. Ikipatikana barua ya mvulana, Rosa anapigwa vibaya na kuaibishwa. Anakua akiwaogopa wanaume bila kuwajua. Anakwenda shule ya bweni, halafu chuo, fimbo ya baba haipo, na ndani yake hakuna kitu kingine kilichojengwa cha kumwongoza. Kinachofuata kinauma kusoma.

Niliwahi kukaa na kundi la vijana, parokia sitaitaja, tukakijadili. Maoni yalikuja haraka. Kaka mmoja akasema Rosa alijitakia, elimu alipewa, dini alipewa. Dada mmoja akamjibu kwamba kosa lote ni la Zakaria. Wakaanza kurushiana, na wale wa "alijitakia" wakashinda kwa sauti. Mmoja akaenda mbali zaidi, akasema wasichana wa namna hiyo wamejaa, hata humu parokiani tunawajua. Watu wakacheka. Msichana mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango alinyanyuka taratibu kama anakwenda msalani, na hakurudi. Jumapili iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia. Baadaye mlezi wa kundi akajua kwamba binti yule alikuwa anabeba mzigo mzito uliofanana na wa Rosa. Alikuja mkutanoni akitafuta mahali pa kuusema. Kundi lilimjibu kabla hajauliza.

Yule aliyesema "humu parokiani tunawajua" hakuwa na nia ya kumwumiza mtu. Alikuwa anatoa maoni juu ya kitabu. Lakini unapomhukumu mhusika, kila mwenye jeraha linalofanana anasikiliza kujua atapokewaje akija kwako. Mhusika haumii, ni wino tu. Aliyekaa mlangoni ndiye anayeumia.

Inyasi huyohuyo ana kanuni ndogo anayoiweka mwanzoni mwa Mazoezi ya Kiroho, namba 22, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaichukua katika namba 2478: Mkristo mwema awe tayari zaidi kulipa neno la mwenzake maana nzuri kuliko kulishutumu, akishindwa, amuulize analielewaje, na kama mwenzake amekosea, amsahihishe kwa upendo. Mimi naona kanuni hii inafaa sana hata kwa wahusika wa hadithi, kama mazoezi. Ukishindwa kutafuta sababu moja ya kumhurumia Rosa, ambaye mwandishi amekufunulia moyo wake wote, utawezaje kwa jirani ambaye moyo wake huuoni? Tena nasema hata Zakaria. Haikuwa rahisi kwangu, lakini jaribuni: mwalimu aliyepoteza heshima yake, kijiji kizima kinajua, na kitu pekee alichobakiza cha kukitawala ni mabinti zake.

Kumhurumia siyo kusema alichofanya ni sawa. Fimbo ya Zakaria ni dhambi. Kutoa mimba ni kosa zito na Kanisa halina maneno mawili juu ya hilo, na kwa aliyeanguka kuna kitubio na kuna rehema. Tendo tunaliita kwa jina lake. Mtu tunamwachia Mungu. Hata juu ya anayejiua, Katekisimu namba 2283 inatuambia tusikate tamaa juu ya wokovu wake wa milele, maana Mungu ana njia azijuazo mwenyewe. Mwishoni mwa riwaya Kezilahabi anawapeleka baba na binti mbele za Mungu, na mimi nadhani hapo ndipo mahali pao, siyo kwenye mkutano wetu wa saa nane.

Kuna kosa jingine linalojirudia, nalipitia haraka: kudhani mwandishi anasifu kila anachokionyesha. Kitabu kilizuiwa kwa sehemu kwa fikra hiyo. Lakini kwa kipimo hicho tungeizuia na Biblia, maana habari ya Daudi na Bathsheba imo humo bila kufunikwa, na ya Tamari na Amnoni pia. Waigizaji nao wanaipata hii. Mtu amecheza nafasi ya mchawi au mvunja ndoa, akipita sokoni anatukanwa. Jamani, yuko kazini! Akitukanwa maana yake kazi kaifanya vizuri.

Sasa ile sehemu niliyosema tutaigusa. Kuna vitu vinavyotembea kwa jina la riwaya na siyo riwaya, ni picha za ngono zilizoandikwa kwa maneno. Vile havikuonyeshi binadamu, vinamkatakata. Katekisimu namba 2354 iko wazi juu ya ponografia na sitatafuta maneno laini. Na hata kwa kazi nzuri, kila mmoja anajua udhaifu wake. Inawezekana sehemu fulani ya tamthilia mwenzako anaipita kama maji, wewe inakukamata wiki nzima. Isikutie aibu kusema "hii mimi siiwezi, mtanisimulia." Na wewe unayeiweza, usimcheke.

Halafu tusome kwa haki. Kutumiana nakala ya bure ya kitabu cha mwandishi aliye hai ni kula jasho lake. Nunueni kwa kuchangishana, watu watano nakala moja, na mtakuwa tayari mna kikundi.

Kwa mkutano ujao napendekeza zoezi moja tu. Kila mmoja achague mhusika anayemchukia kuliko wote, wa tamthilia au wa riwaya. Mama mkwe, tajiri, yule mnafiki, Zakaria, yeyote. Aje amtetee mbele ya wenzake kwa dakika tatu, bila kusema uongo na bila kuhalalisha alichokifanya. Wenzake wasimkatize. Mwenye kutaka kujibu aanze kwa kuuliza. Baada ya hapo asomwe Nathani na Daudi, taratibu, na pawe na kimya cha dakika tano, kimya kweli, simu zikae kwenye kikapu pale mezani. Viongozi, pangeni viti kwa duara, na msimwache mtu akae peke yake karibu na mlango.

Wenye Rosa Mistika waje nayo. Tutaanza na sura mbili za mwanzo, na tafadhali waliomaliza wasituambie mwisho.